Kabla ya Safari ya Siku Nne, Jaribu Siku Moja



Vikundi vingi, hasa vya vijana, hupenda kupanga safari ya kupanda Mlima Kenya na kulala huko, kila mtu na mzigo wake mgongoni. Ni jambo zuri. Lakini wengi wetu tunachanga pesa miezi mingi, tunanunua chakula, tunakodi matatu, halafu siku ya kwanza ya safari ndiyo siku ya kwanza ya kuvaa kile kiatu! Hapo ndipo taabu huanza.

Dawa yake si ngumu. Mwezi mmoja au zaidi kabla ya safari, chukua mwenzako, mwende mlima mdogo, mtembee siku nzima na mizigo, jioni mrudi nyumbani. Mimi na rafiki yangu mwalimu tulifanya hivyo kule Longonot, karibu na Naivasha. Nitawaeleza tuliyojifunza, hata yale ya aibu.

Longonot una urefu wa mita 2,776. Kutoka langoni hadi ukingo wa lile shimo la volkano ni kama kilomita 3, na kuzunguka ukingo wote ni kilomita 7 na kidogo. Njia ni ya vumbi, kivuli ni haba, na maji ya kunywa huko juu hakuna. Ni mahali pazuri pa kujipima.

Mzigo. Kipimo cha kawaida ni kwamba mzigo wa safari ndefu usizidi sehemu moja ya tano ya uzito wako. Mtu wa kilo 60 asizidishe kilo 12. Siku ya majaribio anza na pungufu ya hapo. Mimi niliweka paketi 4 za unga, zile za kilo mbili mbili. Rafiki yangu alibeba mtungi wa maji wa lita 8, mbali na maji ya kunywa. Nilimcheka. Kumbe mjinga ni mimi! Kushuka ndiko kunakoumiza magoti. Yeye alimwaga maji yake kabla ya kushuka, mimi nikateremka na unga wangu wote. Tena, vitu vizito vikae karibu na mgongo, na ule mkanda wa kiunoni ufungwe vizuri, ili uzito ushikwe na nyonga, sio mabega peke yake.

Viatu. Hapa ndipo aibu yangu ilipo. Nilivaa viatu vipya. Kabla hatujafika ukingoni kisigino kilianza kuwaka moto. Nikanyamaza, kwa sababu sikutaka kuonekana mnyonge. Tulipokuwa tumeuzunguka ukingo kidogo tu, rafiki yangu aliona nachechemea. "Dada, kaa chini uvue kiatu tuone." Lengelenge lilikuwa limepasuka, soksi ina damu. Ningesema mapema, kipande cha plasta kingetosha. Basi safari yetu ikaishia hapo, tukageuka. Vaeni viatu vyenu shambani na sokoni wiki kadhaa kwanza.

Maji na chakula. Beba angalau lita 3 za kunywa kwa kila mtu. Unywe kidogo kidogo, usingoje kiu. Chapati, ndizi na njugu zinafaa sana. Takataka zote mrudi nazo.

Saa. Tulianza saa moja na nusu asubuhi. Tulikuwa tumepatana kwamba ikifika saa saba mchana, popote tulipo, tunageuka. Tukapatana pia kwamba mmoja akisema "turudi," mwingine habishani. Nyumbani tuliacha habari: tunakwenda wapi, na tutarudi saa ngapi.

Sasa, kuna jambo moja ambalo Longonot haikufundishi, nalo ni kimo. Pointi Lenana ya Mlima Kenya ina mita 4,985, na hewa huko ni nyepesi. Kuumwa kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi ni dalili za ugonjwa wa kimo. Mwenye dalili hizo asiendelee kupanda. Akizidiwa, ashuke. Akiyumba kama mlevi, akichanganyikiwa, au akikosa pumzi hata akiwa ameketi, ashushwe mara moja, hata kama ni usiku, na asiachwe peke yake. Ugonjwa huu unaweza kuua, na hauchagui kijana wala mwenye nguvu. Ndiyo maana ni vizuri kupanda polepole, na kuongeza siku moja ya kupumzika njiani.

Mnaona sasa kwa nini nimewasimulia habari za kisigino changu? Mtu anayeficha lengelenge Longonot ndiye atakayeficha kichwa kinachomuuma huko Mlima Kenya. Siku moja na rafiki inapima miguu, lakini zaidi inapima kama tunaweza kuambiana ukweli.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi:
1. Je, kati yetu nani huona haya kusema amechoka? Tumsaidie vipi?
2. Tukiwa njiani, nani ana neno la mwisho la kusema "turudi"?
3. Ni kilima gani karibu nasi tunachoweza kujaribu kwanza?