Rimoti ya gari ikigoma, anza na betri

WACHUUZI wengi wa mazao wa Makuyuni, Korogwe, na wenzao wa Handeni hutegemea gari lililotumika Japani. Toyota Noah au Probox ya miaka ya 2000 hubeba machungwa leo, kesho mahindi. Rimoti yake ikigoma, mwenye gari hukimbilia mjini kununua nyingine, na mtaji wa gunia kadhaa unakwenda.

Mara nyingi tatizo ni betri. Ni ile bapa ya volti 3, kwa kawaida CR2032 au CR2016, na namba yake imeandikwa juu yake. Wakati inatafutwa, mlango hufunguliwa kwa ufunguo wa chuma. Gari la kuwashwa kwa kuzungusha ufunguo nalo huwaka, maana kinachoiruhusu injini, kwa magari yenye imobilaiza, ni chipu iliyo kwenye kichwa cha ufunguo, na chipu hiyo haihitaji betri. Alamu iliyofungwa baadaye na fundi wa mtaani ni habari nyingine. Baadhi hukata umeme wa injini, na rimoti yake husajiliwa kwenye kisanduku cha alamu yenyewe.

Kama rimoti imekufa kweli, usinunue kwa kufananisha vitufe. Rimoti za soko la Ulaya kwa kawaida hutumia masafa ya megahezi 433, ilhali gari la soko la Japani husikiliza karibu na 315. Rimoti mbili zinaweza kufanana kama mapacha na gari lisiisikie mojawapo. Linganisha namba za nyuma kabla ya kulipa.

Kusajili rimoti kwenye Toyota nyingi za umri huo hakuhitaji kompyuta. Fundi huchomeka na kuchomoa ufunguo, hufunga na kufungua mlango kwa mpangilio wa modeli husika, kisha loki hujibu zenyewe. Kwa kawaida zikijibu mara moja, rimoti mpya inaongezwa. Zikijibu mara mbili, zote za zamani zinafutwa.

Anayenunua gari mkononi mwa mtu achague kufuta. Rimoti aliyobaki nayo mmiliki wa kwanza, au dereva aliyeachishwa kazi, bado inaweza kufungua milango usiku gari likiwa limesheheni mzigo. Aende kwa fundi na rimoti zake zote, kwani itakayoachwa nyumbani itafutwa pia.