Je, Wajua? Swichi haihitaji anwani ya IP ili ifanye kazi

Swichi mpya ya mtandao huanza kazi mara inapopata umeme na nyaya, ingawa hakuna aliyeipa anwani ya IP. Hupeleka data kwa kusoma anwani za MAC, zenye biti 48, ambazo kadi za mtandao hutoka nazo kiwandani. Hujifunza yenyewe kompyuta ipi iko kwenye tundu lipi. Isipojua anayetafutwa yuko wapi, hutuma ujumbe kwenye matundu yote isipokuwa lile ulikotokea.

Anwani ya IP ni kwa ajili ya fundi, ili aisimamie swichi akiwa mbali. Mara ya kwanza kwa kawaida huunganisha kompyuta yake moja kwa moja kwa kebo ya konsoli. Kwenye kebo hiyo, swichi nyingi za Cisco huzungumza kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde. Ukiweka kasi nyingine, kioo hujaa herufi zisizosomeka. Anwani yenyewe kwa kawaida haiwekwi kwenye tundu bali kwenye VLAN (mtandao pepe ndani ya swichi), mara nyingi VLAN 1, nayo lazima iwashwe. Ukitaka kuifikia kutoka mtandao mwingine, ongeza anwani ya lango.

Kisha ingia kwenye swichi kwa SSH, njia ya kuingia kwa mbali inayosimba mawasiliano. Telnet, njia nyingine ya kuingia kwa mbali, hupitisha nenosiri waziwazi, na huo ni mlango wa wezi. Tatu Ylönen aliunda SSH mwaka 1995 nchini Ufini, baada ya manenosiri kudukuliwa kwenye mtandao wa chuo kikuu chake. Kama swichi ya ofisini kwako bado inakubali Telnet, mwambie fundi aifunge leo.