Fahamu: Kwa nini Julai 31 ni siku ya wanawake wa Afrika?

Tarehe hiyo ilitoka Dar es Salaam. Julai 31, 1962, wajumbe wanawake kutoka nchi mbalimbali za bara hili walikutana huko wakaunda jumuiya yao. Umoja wa Nchi Huru za Afrika haukuwapo bado. Wakuu wa nchi waliuanzisha Addis Ababa Mei 1963. Kina mama waliwatangulia. Katibu mkuu wa kwanza wa jumuiya hiyo ya wanawake alikuwa Jeanne Martin Cissé wa Guinea, ambaye mwaka 1972 aliongoza Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo.

Mji mwenyeji nao ulikuwa umeiva. Tangu 1955 Bibi Titi Mohamed alikuwa akikisajilia chama cha TANU wanawake kupitia vikundi vya ngoma. Wasomi wachache wa chama wasingeweza kuingia katika nyua walimokutana wanawake hao.

Na Ukambani, nchini Kenya? Wanawake wa huko hawakusubiri mikutano. Mwaka 1911 mjane wa Kilungu, Siotune wa Kathuke, aliongoza vuguvugu la ngoma lililowatia Waingereza hofu, wakamhamishia mbali na kwao. Mwaka 1938, serikali ya kikoloni ilipokamata ng'ombe kwa nguvu, wanawake walikuwa miongoni mwa Wakamba walioandamana hadi Nairobi kutaka kumwona gavana. Muindi Mbingu, kiongozi wao aliyehamishiwa Lamu, anakumbukwa kwa jina. Wanawake wale wametajwa kwa jumla tu.