Kabila la Mpakani na blanketi lake: Mavazi ya filamu yanavyobuniwa, na pesa inapokwenda

Na Mwandishi Wetu

KATIKA filamu ya Black Panther, iliyotoka mwaka 2018, wamo watu wanaoitwa Kabila la Mpakani. Mgeni akiwaona huwadhania wafugaji wa kawaida waliojitanda blanketi. Kumbe ndio walinzi wa Wakanda, nchi ya kubuni, na vita vinapoanza blanketi zile hugeuka ngao.

Huenda nawe umeitazama filamu hiyo, kwenye banda la video au kwenye simu ukisubiri foleni ya magari isogee Namanga au Busia. Lakini kuna swali ambalo mfanyabiashara wa nguo angeuliza kabla ya mtu mwingine yeyote: blanketi zile zilitoka soko gani?

Aliyezichagua ni Ruth E. Carter, mbunifu wa mavazi kutoka Marekani. Kabla ya hapo alikuwa ameshavalisha waigizaji wa filamu za Malcolm X na Amistad, na zote mbili zilimfikisha kwenye uteuzi wa tuzo ya Oscar bila ushindi. Mwaka 2019, kwa kazi ya Black Panther, akawa mtu mweusi wa kwanza kutwaa Oscar ya ubunifu wa mavazi. Mwaka 2023 akaipata tena kwa filamu iliyofuata ya Wakanda.

Kazi huanza na kalamu

Watu hudhani mbunifu huanza na mkasi. La. Huanza kwa kuusoma mswada wa filamu mstari kwa mstari, akiandika kila mhusika anaonekana mara ngapi, siku gani katika hadithi, na analipata jambo gani. Je, ananyeshewa? Anapigwa? Amefiwa? Orodha hiyo ndiyo inayomwambia anunue nini na nguo ngapi. Mhusika anayepigana huhitaji vazi lilelile kwa nakala kadhaa: moja safi, moja lenye vumbi, moja lililochanika, na jingine la yule anayeruka kwa niaba ya mwigizaji.

Ndipo hufuata utafiti. Wakanda haipo kwenye ramani, kwa hiyo Carter na mwongozaji Ryan Coogler waliijenga kutokana na Afrika iliyopo. Kila kabila likapewa rangi yake na asili yake. Wanawake walinzi wa mfalme, Dora Milaje, walivikwa wekundu uliotokana na Wamaasai, na pete za shingoni zinazokumbusha Wandebele. Watu wa migodini walitazamwa kwa Wahimba wa Namibia na udongo wao mwekundu. Kabila la Wafanyabiashara, ndiyo, hata Wakanda wamo, lilifuata Watuareg, wasafirishaji wa bidhaa jangwani tangu enzi za misafara.

Kofia ya malkia, iliyoigizwa na Angela Bassett, ilitokana na isicholo, kofia ya mwanamke wa Kizulu aliyeolewa. Lakini haikusukwa kwa mkono. Ilichorwa kwenye kompyuta na kutengenezwa kwa mashine inayojenga kitu tabaka juu ya tabaka. Mtindo wa mababu ukapita kwenye mtambo mpya.

Hata rangi husimulia. Katika mapigano ndani ya kasino huko Busan, Korea Kusini, mfalme amevaa nyeusi, jenerali wake nyekundu, na Nakia, aliyeigizwa na Mkenya Lupita Nyong'o, kijani. Ukiwaweka pamoja, hizo ndizo rangi za bendera ya umoja wa watu weusi ya mwaka 1920. Hakuna anayelitamka hilo kwenye filamu. Nguo zimeshasema.

Blanketi ni la nani?

Sasa turudi kwenye lile blanketi. Ni la Wasotho wa Lesotho, na limekuwa vazi lao la heshima tangu karne ya 19, lilipoletwa na wafanyabiashara wa Kizungu. Carter alilichapa alama za Wakanda kwa rangi ya fedha. Lilikuwa zito mno kwa kamera na kwa mapigano, ikabidi manyoya yake yapunguzwe.

Hapa ndipo penye somo. Blanketi la Kisotho hubeba jina la Lesotho, lakini kiwanda mashuhuri kinachozifuma kiko Afrika Kusini. Sifa inakwenda mlimani, hundi inashuka kiwandani.

Kabla hatujawacheka jirani, tutazame meza zetu. Shuka nyekundu ya Kimaasai siku hizi hutoka kiwandani. Nyingine hufumwa hapa kwetu, nyingine huja kutoka Asia. Shanga nyingi za kioo zilizozoeleka kwa Wamaasai hutoka Jamhuri ya Czech. Kitenge tunachokiita chetu kilianza kwa kuiga batiki ya Java, Waholanzi wakakiuza Afrika, na leo majora mengi hutoka China.

Siku mnunuzi wa mavazi ya filamu atakapofika Kariakoo, Gikomba au Owino, faida ya yule anayebadilisha tu jora mkono itakuwa ndogo. Faida kubwa ni ya aliyeshona, aliyetunga shanga, aliyetia rangi.

Mpakani pia tofauti hiyo ina bei. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki humwezesha mfanyabiashara mdogo kuvusha bidhaa za thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani bila ushuru wa forodha, mradi zimo kwenye orodha iliyokubaliwa na zina cheti cha uasili. Kitenge kilichochapwa ng'ambo hakipati uasili wa Afrika Mashariki kwa sababu tu kimelala Kampala usiku mmoja.

Mnunuzi wa filamu anataka nini

Kwanza, wingi wa aina moja. Hanunui shuka moja nzuri. Anataka kumi zinazofanana hadi uzi. Pili, stakabadhi, kwa sababu kila senti ataitolea hesabu. Tatu, maelezo ya kweli: nguo hii huvaliwa na nani, lini, na hufungwaje. Mwanamke wa Taveta anayejua khanga ya msibani haifungwi kama ya arusini ana ujuzi ambao mbunifu hawezi kuupata kwenye picha. Auze pamoja na nguo.

Na kabla ya kuuza jora lote, kata kipande cha kiganja, kibandike daftarini, andika ulikonunua. Filamu hupigwa kwa wiki nyingi na nguo huchanika. Mteja yule atapiga simu kutaka nyekundu ileile.