Amepona Kiharusi, Mbona Hataki Kula?

Sisi akina mama tunajua kumhudumia mgonjwa aliyepooza. Tunajua kumgeuza kitandani asipate vidonda, kumlisha uji kwa kijiko, kumtegemeza upande uliolegea anapojaribu kusimama. Linalotushinda ni lile linalokuja baada ya miezi miwili mitatu. Baba watoto ametoka hospitali, mdomo umeanza kunyooka, kwa fimbo yake anafika hadi mlangoni. Halafu siku moja anageukia ukuta. Chakula anakiacha, mazoezi hataki, usiku yuko macho, na wageni wakija anajifunika blanketi. Hapo maneno yanaanza. Huyu anasema mzee amekuwa mkaidi, yule anasema amerogwa, na wapo wanaosema imani yake imepungua.

Mpenzi msomaji, mara nyingi huo ni ugonjwa. Unaitwa sonona, nao humpata karibu mtu mmoja kati ya kila watatu waliopata kiharusi. Kiharusi chenyewe si ugonjwa wa Wazungu wala wa watu wa mjini tu. Kati ya 2003 na 2006 watafiti walifuatilia wagonjwa wa kiharusi wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, na katika sehemu ya Dar es Salaam, wakaona kuwa kiharusi kipo kwa wingi hata vijijini.

Kiharusi huumiza ubongo, na ubongo ndio unaotawala hata moyo wa mtu, furaha yake na hamu yake ya kuishi. Juu ya hayo kuna aibu. Mwanamume wa Mbulu aliyelima kwa maksai, au mfugaji wa Hanang aliyejua kila ng'ombe wake, sasa anavishwa suruali na mkewe. Mama aliyekuwa akienda mnadani anangoja kupelekwa chooni na mkwewe. Nani asingelia?

Hata hivyo, si kila kilio ni sonona. Wapo ambao baada ya kiharusi hulia au hucheka ghafla bila sababu, kisha wakanyamaza kama hakuna kitu. Mweleze mganga hilo pia, kwani lina tiba. Na kwa yule asiyeweza kusema, tumtazame: je, kwa wiki mbili au zaidi amekuwa halali, hali, wala hapendi tena kitu alichokipenda?

Dawa za sonona zipo. Amitriptilini ni ya zamani na bei yake ni nafuu, lakini hukausha mdomo, hufunga choo, huzuia mkojo na kuleta kizunguzungu, na mwenye ugonjwa wa moyo ahadhari nayo. Fluoksetini ni ya baadaye. Zote hazifanyi kazi kwa siku moja. Hungoja wiki mbili hadi sita, na hapo ndipo wengi wetu tunapokata tamaa na kuziacha. Mgonjwa akipata nafuu huendelea nazo kwa miezi kadhaa, na huziacha polepole kwa maelekezo ya mganga, si kwa sababu nauli ya kwenda kliniki imekosekana.

Wengine huomba vidonge hivi wakitumaini mkono utarudi. Hilo lilipimwa Uingereza kwa wagonjwa 3,127, na matokeo yakatolewa mwaka 2018. Fluoksetini iliyotumiwa kwa miezi sita haikuongeza nguvu za viungo. Sonona mpya ilipungua: waliopewa dawa waliipata 13 katika kila 100, na waliopewa kidonge kisicho na dawa 17. Lakini kuvunjika mifupa kulikaribia kuwa maradufu. Kwenye miteremko yetu, wakati wa masika, jambo hilo si dogo! Kwa hiyo dawa ni ya mwenye sonona, na mkono unahitaji mazoezi ya kila siku.

Ukienda hospitali, iwe ya wilaya au ya Haydom ambayo imehudumia watu wa huku tangu 1955, beba dawa zote anazomeza, za presha na aspirini pia. Fluoksetini pamoja na aspirini huweza kuongeza hatari ya kutokwa damu.

Akisema, "Heri ningekufa," tusimkemee. Tumwulize waziwazi kama amefikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Siku hiyohiyo apelekwe hospitali, asiachwe peke yake, na sumu ya wadudu wa mahindi iliyo chini ya uvungu ihamishiwe kwa jirani. Amitriptilini yenyewe ikimezwa nyingi huua, hivyo ikae kwa mama, mbali na mgonjwa na watoto.

Naye mama anayemuuguza alale usiku mzima angalau mara mbili kwa wiki. Shemeji, binti au wanawake wa jumuiya washike zamu, maana sonona humpata muuguzi vilevile.