Mbwa wa Romania Aendaye Uingereza: Saa Mbili Zisizolingana (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliishia Bucharest. Nilieleza jinsi Nicolae Ceaușescu, katika miaka ya 1980, alivyobomoa mitaa mizima ya nyumba zenye nyua ili kupisha jumba lake kubwa na maghorofa. Watu walihamishiwa kwenye vyumba vidogo, na mbwa waliokuwa walinzi wa nyua zile wakabaki nje, wakazaana. Mwaka 2001 Traian Băsescu, wakati huo meya wa jiji, aliazimia kuwaua kwa wingi, na Brigitte Bardot akafunga safari kutoka Ufaransa kwenda kumsihi. Kisha, Septemba 2013, mtoto wa miaka minne aliuawa na mbwa. Mwezi haukuisha Romania ikawa na sheria inayoruhusu mbwa aliyekamatwa kuuawa asipopata wa kumchukua ndani ya siku 14 za kazi.

Tangu hapo kuna saa mbili zinazokwenda kwa mwendo tofauti. Moja iko Romania, kwenye vituo vya manispaa, nayo huhesabu siku hizo 14. Nyingine iko Uingereza, mezani kwa madaktari wa mifugo na maofisa wa mipakani, nayo huhesabu majuma na miezi. Anayetaka mbwa huiona ile ya kwanza tu. Ameonyeshwa picha ya mbwa aliyejikunja pembeni mwa banda la saruji, ameambiwa siku zake zinakwisha, ameshatuma pauni zake, na sasa anauliza kwa nini mnyama asipakiwe kesho. Leo nataka kuisemea saa ya pili, ambayo wanaoilalamikia zaidi ni watu wenye huruma.

Waingereza walijifunza kungoja kwa gharama. Mwishoni mwa karne ya 19 waliweka karantini ya miezi sita kwa kila mbwa aingiaye nchini, na mwaka 1902 kichaa cha mbwa kilikuwa kimetoweka. Mwaka 1918, vita vikielekea ukingoni, askari waliorudi kutoka bara waliwaingiza kwa magendo mbwa waliokuwa wamezoeana nao huko vitani. Kichaa kikazuka tena upande wa Plymouth, na ikachukua hadi mwaka 1922 kukizima. Hakuna mtu mbaya katika mkasa ule. Kuna vijana waliotoka kuona vifo vya kila namna, wakashindwa kumwacha nyuma kiumbe mmoja.

Mwaka 1969 ukatokea mkasa mwingine, safari hii bila magendo. Mbwa aliyeletwa kutoka Ujerumani alikaa miezi yake sita ya karantini kama sheria ilivyotaka, akatoka, na siku chache baadaye, katika mji wa Camberley, akapandwa na kichaa akauma watu. Ilibidi mbweha na wanyama wengine wa vichaka vya eneo lile wapigwe risasi kwa kuhofia kwamba wameshaambukizwa.

Sababu iko katika tabia ya kirusi chenyewe. Mbwa akiumwa, kirusi hakikimbilii kwenye damu. Hupanda polepole kupitia mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, na muda wote huo mbwa hula, hucheza, hutikisa mkia. Daktari anaweza kumpapasa tangu pua hadi mkia asione kitu. Mara nyingi safari hiyo ya kirusi huchukua kati ya majuma matatu na miezi mitatu, na mara chache huzidi sita. Kwa hiyo kungoja ni kipimo cha kweli kabisa, tena kwa mbwa ambaye hakuna ajuaye ameumwa na nani ndicho kipimo kinachoaminika kuliko macho ya daktari yeyote.

Mambo yalilegezwa kwa awamu. Mwaka 2000 karantini ilianza kupisha mpango wa pasipoti za wanyama: mbwa awekewe chipu, achanjwe, damu yake ipimwe kuona kama chanjo imeshika, kisha angoje miezi sita akiwa kwao badala ya kizuizini. Januari 2012 Uingereza ikajilinganisha na Umoja wa Ulaya. Kwa mbwa atokaye nchi mwanachama, kipimo cha damu kikafutwa na miezi sita ikawa siku 21. Romania ilikuwa mwanachama tangu mwaka 2007. Unganisha mwaka 2012 na ile sheria ya 2013, utaelewa kwa nini magari ya mbwa yalianza kujipanga barabarani kuelekea Calais.

Masharti yaliyobaki si mengi, ila mpangilio wake ndio unaowakwamisha watu. Chipu yenye tarakimu 15 huingizwa chini ya ngozi kwanza, chanjo baadaye. Chanjo ikitangulia chipu haihesabiwi, kwa sababu hakuna njia ya kuthibitisha kwamba mbwa aliyechanjwa ndiye huyu. Chanjo haitolewi kabla mbwa hajatimiza majuma 12, na siku 21 zikijumlishwa, mtoto wa mbwa wa chini ya majuma 15 hawezi kuwa ameingia kihalali. Ukiletewa mwenye majuma 10 na cheti kizuri chenye mihuri, ujue cheti hicho ni cha uongo. Halafu kuna dawa ya tegu, ambayo lazima daktari ampe mbwa kati ya saa 24 na saa 120 kabla ya kuingia. Inamlenga tegu mmoja wa mbweha wa bara la Ulaya, ambaye Uingereza hayuko, na ambaye mayai yake yakimwingia binadamu humea kwenye ini kama saratani.

Jambo moja huwaudhi sana wanaookoa mbwa: sheria haiwaoni kama wasafiri wenye mbwa wao. Mbwa anayehamia kwa mwenyewe mpya, hata kama kilicholipwa kinaitwa mchango, ni mzigo wa biashara. Anahitaji cheti cha afya cha daktari wa serikali, safari iliyosajiliwa na gari lenye kibali. Njia ya mkato imekuwa ni kujifanya msafiri, kwa kuwa mtu mmoja aliruhusiwa kuvuka na wanyama watano kama wake binafsi. Watu wanne ndani ya gari moja ni mbwa 20, bila maswali mengi. Mwaka 2025 Bunge la Uingereza lilishughulikia muswada wa Danny Chambers, mbunge ambaye mwenyewe ni daktari wa mifugo, wa kufanya wanyama watano wawe ukomo wa gari zima na kupandisha umri wa mbwa aingiaye hadi miezi sita. Naona ulikuja umechelewa.

Umechelewa kwa sababu masharti yote hayo yametungwa kwa ajili ya kichaa na tegu, ilhali mbwa wa mitaani hubeba mengi zaidi. Mwaka 2016, huko Harlow katika jimbo la Essex, mbwa ambao hawajawahi kutoka Uingereza waliugua babesia, ugonjwa wa kupe ambao madaktari wa nchi hiyo walizoea kuuona kwa mbwa waliosafiri tu. Atokaye Hispania au Ugiriki anaweza kuja na lishimania inayoenezwa na usubi, jamaa wa kalazaa inayowasumbua watu wa Baringo na Turkana. Lakini linalowaumiza vichwa zaidi kuhusu mbwa wa Romania ni brusela.

Mfugaji wa kwetu anaijua jamii hiyo: ndiyo inayowatupisha mimba ng'ombe na kumpa mnywaji wa maziwa mabichi homa isiyoisha. Mbwa wana aina yao, Brucella canis. Kabla ya mwaka 2020 Uingereza iliiona kwa nadra mno. Baada ya hapo visa viliongezeka, sehemu kubwa vikihusishwa na mbwa kutoka Romania, na watu wachache nchini humo wamethibitika kuambukizwa. Huenea kwa majimaji ya uzazi, mimba zilizotoka, shahawa na mkojo, na banda lililojaa majike na madume wasiohasiwa ni mahali pake hasa. Mbwa anaweza kuubeba miaka bila dalili, au akaanza kuchechemea kwa sababu bakteria wamekaa kwenye uti wa mgongo. Dawa humtuliza ila haziahidi kummaliza bakteria. Ushauri rasmi wa Uingereza hausemi kwa mafumbo: njia pekee ya kuiondoa hatari kabisa ni kumuua mbwa kwa sindano. Fikiria familia iliyompokea mwezi mmoja uliopita na watoto wameshampa jina.

Hapa saa ya pili inarudi. Damu ikipimwa mapema mno haitaonyesha kitu, maana kingamwili huweza kuchukua majuma kadhaa, hata miezi mitatu, kufikia kiwango cha kuonekana. Mbwa aliyepimwa Jumatatu akarudishwa kwenye banda lile lile, kisha akapakiwa Ijumaa, karatasi yake inasimulia habari za zamani. Kinachofaa ni kumtenga, kumpima akiwa bado Romania, na kurudia kipimo baada ya muda wa kutosha. Sheria ya kuingia haikudai hivyo. Vyama makini hufanya kwa hiari yao, hulaumiwa kwa kuchelewesha, na hulipa chakula cha mbwa muda wote huo. Ukitaka kujua chama cha kukiamini, ulizia tarehe ya kipimo na mahali mbwa alipolala baada ya kutolewa damu.

Msomaji aliye Arusha au Nairobi mwenye nia ya kuhamia Ulaya na mbwa wake asidhani haya hayamhusu. Kwake saa ni ndefu zaidi. Baada ya chipu na chanjo, atangoja walau siku 30 ndipo damu itolewe na kupelekwa kwenye maabara iliyoidhinishwa, kingamwili zifike uniti 0.5 kwa mililita, kisha miezi mitatu mingine kabla ya kuingia Umoja wa Ulaya au Uingereza. Kanada imefunga mlango zaidi: tangu 28 Septemba 2022 haipokei mbwa wa biashara, wakiwemo wa kuokolewa, kutoka nchi inazoziona za hatari kwa kichaa, na zetu zimo. Marekani iliwasimamisha wa nchi zaidi ya 100 Julai 2021. Mwezi mmoja kabla, shehena ya wanyama waliookolewa kutoka Azerbaijan ilitua Chicago, mbwa wakagawiwa majimbo mbalimbali, na mmoja akapandwa na kichaa huko Pennsylvania. Mwaka uliotangulia, wakaguzi wa Marekani walikuwa wamewagundua mbwa zaidi ya 450 wenye vyeti vya chanjo vya kughushi.

Hadithi tuliyosomeshwa chuoni, ya mtu aliyeshuka kisimani kumtekea maji mbwa mwenye kiu, haisemi kwamba alimbeba akaenda naye kwao. Naitaja kwa sababu mji wa Oradea, karibu na mpaka wa Hungaria, ulifanya jambo la namna hiyo: mbwa wa mitaani walikamatwa, wakahasiwa, wakachanjwa, wakarudishwa walikotoka, na idadi yao ikashuka sana. Huku kwetu, utafiti wa muda mrefu kandokando ya Serengeti umethibitisha kwamba mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa kijijini, kichaa hukosa pa kupita, na watoto wanaoumwa hupungua. Gharama ya kumsafirisha mbwa mmoja kutoka Bucharest hadi Manchester ingewahasi wengi waliobaki nyuma. Nikiwaambia hivyo wapenzi wa mbwa, hunijibu kwamba hao waliobaki hawana picha.

Bado wapo watakaomchukua, na sina ugomvi nao. Juma lijalo tutaingia ndani ya nyumba: mbwa ambaye hajawahi kuona ngazi wala kusikia mashine ya kufulia, kwa nini wengi hutoroka saa ileile wanaposhushwa garini, na sababu ya kumfunga kamba mbili, moja shingoni na nyingine kifuani, kabla mlango wa gari haujafunguliwa.