Kopo la Vitamini au Boksi la Stripu?

Kwenye famasi nyingi za Dar es Salaam metformin, dawa ya kisukari, haikai mbele. Ni pakiti isiyovutia iliyo kwenye droo au rafu ya nyuma, na bei yake ni ya chini. Mbele yamepangwa makopo ya vitamini yaliyoandikwa kwa herufi kubwa kwamba yanasaidia wenye kisukari. Mara nyingi kopo moja hugharimu zaidi ya metformin ya mwezi mzima, na anayelipa ni mtu yuleyule ambaye wiki iliyopita alikosa hela ya stripu za kupimia sukari. Hilo linaniuma.

Metformin hushusha HbA1c, kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, kwa takriban pointi za asilimia 1 hadi 1.5. Hakuna vitamini yenye rekodi kama hiyo. Vitamini D ilijaribiwa Marekani kwa watu 2,423 waliokuwa karibu kupata kisukari, wakipewa uniti 4,000 kila siku. Matokeo ya mwaka 2019 hayakuonyesha kinga ya kutegemewa. Kromiamu na mdalasini navyo havina ushahidi wa kutosha wa kumfanya mtu avilipie kila mwezi.

Vitamini B12 ni habari nyingine. Metformin yenyewe hupunguza ufyonzwaji wa B12 tumboni, na kadiri dozi inavyokuwa kubwa na miaka inavyopita, ndivyo upungufu unavyokaribia. Mzee, asiyekula nyama wala samaki, au anayemeza pia omeprazole, dawa ya kupunguza asidi tumboni, kwa muda mrefu yuko hatarini zaidi. Dalili za upungufu huo ni miguu kufa ganzi, kuchomachoma, uchovu na upungufu wa damu. Ganzi hiyo hufanana kabisa na ile inayoletwa na sukari kuharibu mishipa ya fahamu, kwa hiyo wengi huambiwa ni kisukari tu, wakati sehemu ya tatizo ingetibika. Ukiwa umetumia metformin miaka kadhaa, omba kupimwa B12. Kipimo hicho ni gharama, lakini hulipiwa mara chache, kopo hulipiwa kila mwezi.

Ukikutwa na upungufu, soma lebo kabla ya kulipa. Mahitaji ya mtu mzima ni mikrogramu 2.4 tu kwa siku, lakini kidonge cha tiba huwa na mikrogramu 1,000 kwa sababu mwili hufyonza sehemu ndogo sana ya dozi kubwa. Daktari ndiye aamue kama utameza au utachomwa sindano. Kuwa mwangalifu na vidonge vya mchanganyiko wa B1, B6 na B12, ambavyo watu hujinunulia kwa ajili ya ganzi. Vingine vina B6 ya miligramu 100 au zaidi, ilhali mahitaji ya siku hayafiki miligramu 2. B6 nyingi ikitumiwa kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu na kuleta ganzi ileile uliyotaka kuiondoa.

Angalia pia hesabu ya siku. Chukua mfano wa kopo la shilingi 40,000 lenye vidonge 30, na maelekezo yanasema viwili kila siku. Linaisha kwa siku 15, kwa hiyo mwezi ni shilingi 80,000. Asiye na upungufu ni bora fedha hiyo aigawe kwenye stripu, na kwenye dagaa, mayai, maziwa au ini mara mojamoja, vyote vyenye B12.

Zaidi ya yote, ogopa "dawa ya asili" inayoshusha sukari haraka mno. Marekani, mamlaka ya dawa imewahi kukuta ndani ya bidhaa za namna hiyo glibenclamide iliyofichwa, dawa inayoweza kuangusha sukari hadi mtu azimie. Vitamini C ya dozi kubwa nayo huweza kufanya baadhi ya mashine za kupimia sukari zisome vibaya.

Kwa maoni yangu mpangilio wa manunuzi ni huu: dawa ya mwezi kwanza, stripu za pili, kipimo cha B12 cha tatu, na vitamini baada ya majibu tu. Usiiache metformin kwa kuogopa upungufu, maana upungufu huo unatibika. Siku ya kliniki beba makopo yako yote, hata yale uliyopewa na jirani, umwonyeshe daktari.